Kutafuta Ukumbi

Msomaji, huenda siku moja nawe ukatumwa na jamaa zako kutafuta mahali pa kufanyia harusi. Utatiwa mkononi fedha zisizotosha, utapewa majina ya kumbi nne au tano zinazosifiwa na watu, na utaambiwa kuwa kazi yenyewe ni nyepesi: nenda ukaulize bei, kisha rudi utuambie. Ukianza kuuliza utaona kuwa bei ndilo jambo unalojibiwa upesi kuliko yote, na ndilo lisilokuambia kitu. Nataka kukueleza kwa nini, maana kazi hiyo nimeifanya, na viatu vyangu ni mashahidi.

Hili neno ukumbi halikuwa na maana ya leo tu. Wazee waliposema ukumbi walitaja sehemu ya nyumba, pale karibu na mlango ambapo mgeni aliketishwa kabla hajakaribishwa ndani. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni alipokewa dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlango chenye viti vya mawe kila upande. Na katika baadhi ya vichochoro nyumba ziliunganishwa juu kwa juu na wikio, chumba kipitacho juu ya njia kama daraja, hata mwanamke akaweza kutoka nyumba hii akaingia ile bila ya kukanyaga barabara. Kwa hiyo arusi ilipokuwa kubwa, haikuhama, ilienea. Wanaume walikaa barazani na njiani, wanawake walikaa ndani, na nyumba za majirani zilihesabiwa kuwa ni vyumba vya nyumba moja. Leo ukumbi ni jengo la mtu mwingine, nalo lina bei, mlinzi, na saa ya kufungwa.

Mimi nilitumwa kazi hii mwaka 2023 mjini Mombasa. Bibi harusi alikuwa binti wa marehemu ndugu yangu. Babu yake hayupo tena duniani, wala hakuwa na ndugu wa kiume. Basi mimi, baba yake mdogo, ndiye niliyekuwa walii wake. Marehemu alikuwa karani, naye aliacha akiba isiyokuwa kubwa. Tulipoichanganya na fedha alizojiwekea binti mwenyewe katika miaka mitatu ya kufundisha shule ya chekechea, tulipata shilingi 210,000. Lakini katika hizo, shilingi 58,000 zilikuwa na mwenyewe: mdogo wake wa kike alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni, na fedha hizo zilikuwa za karo yake na mahitaji yake mpaka mwaka umalizike. Upande wa bwana harusi ulijichukulia mambo yake, nasi tulibaki na yetu. Zilizobaki kwa arusi ni shilingi 152,000.

Jamaa walipokutana kushauriana, mama yake mdogo alisema neno ambalo liliwanyamazisha watu wote chumbani. Alisema, "Tusipomwoza katika ukumbi wa maana, watu watasema yatima ameozwa kiyatima." Hakuna aliyeweza kulijibu neno hilo mara moja, kwa sababu lilikuwa la mapenzi. Mtu mmoja akashauri kuwa tuzitumie zile 58,000, kisha tuchangishane karo baadaye. Mwingine akataja mkopo. Bibi harusi alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, naye akanigeukia mimi akasema, "Ami, karo ya mdogo wangu isiguswe. Hata mkinioza jikoni, isiguswe." Basi nilitoka kutafuta nikiwa na maagizo mawili yasiyopatana, moja la heshima na moja la hesabu, na yote mawili nilikuwa nimeyakubali.

Nilianza na hoteli moja ya pwani ya kaskazini, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa kwanza. Meneja alinipokea kwa adabu nyingi na akanionyesha bustani ya majani mabichi iliyoteremka mpaka baharini. Bei ya bustani kwa siku ilikuwa shilingi 80,000. Nilipumua, kwa maana nilitazamia zaidi. Ndipo nilipouliza swali ambalo nakusihi, msomaji, uliulize kabla ya yote: je, naweza kuja na chakula changu? Akatabasamu, akanieleza kuwa chakula lazima kitoke katika jiko la hoteli, na kila mgeni ni shilingi 2,400. Nikachukua penseli. Wageni 250 kwa shilingi 2,400 ni shilingi 600,000. Pamoja na bustani, 680,000. Ile bei ya bustani, iliyoandikwa kwa herufi kubwa, ilikuwa chini ya sehemu moja katika nane ya gharama yote. Sina ugomvi na meneja yule. Aliniambia kweli nilipomwuliza. Ila asingeniambia kama nisingeuliza.

Nilipotoka hapo nilitembea ufukoni, nikawaza jambo ambalo vijana wengi huliwaza: mbona pwani ni ya wote, na mchanga hauna bei? Tungeweka mikeka na hema jepesi, tukamaliza. Nilikaa juu ya gogo nikautazama mchanga vizuri. Kulikuwa na mstari mweusi wa mwani mkavu, umelala sambamba na ukingo wa miti, na baina ya mstari ule na miti ilikuwa hatua tano tu. Mstari ule ndio maji yalipofika mara ya mwisho. Katika bahari yetu, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita 3, na bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku tuliyoifikiria sisi ilikuwa karibu mno na mwezi mwandamo. Mtu akitandika mikeka yake saa nane mchana katika maji mafu, asidhani kuwa uwanja aliouona ndio uwanja atakaokuwa nao usiku. Zaidi ya hayo kuna upepo wa kusi, ambao katika mwezi wa Agosti huvuma tangu asubuhi na haujui kuwa watu wamepambwa. Na kuna jambo moja kubwa kuliko maji na upepo: arusi ya wanawake wa kwetu ni ya wanawake. Wanavua mabuibui, wanacheza, wanaonyeshana nguo na hina. Ufuko hauna ukuta. Basi pwani ya wote ilitufaa wote isipokuwa wale waliohitaji mahali.

Siku za pili yake nilizunguka kumbi za watu binafsi mjini na katika vitongoji. Moja nilikaa nayo zaidi, kwa kuwa ilikuwa nzuri kweli: dari refu, jukwaa, vyumba viwili vya kupambia, na maegesho. Bei ya Jumamosi ilikuwa shilingi 70,000. Siku ya katikati ya wiki ilikuwa 45,000. Hapo nilijifunza kuwa anayepanga ukumbi hanunui kuta, ananunua siku. Katika wiki za Shaabani, kabla ya Ramadhani, na tena baada ya Idi katika Mfunguo Mosi, kila mtu anataka kuoza, na mwenye ukumbi hana haja ya kupunguza. Likizo za shule ni hivyo hivyo. Lakini Mfunguo Tano wazee wengine huuepuka, ingawa dini haikukataza mtu kuoa ndani yake. Na katika miezi kama hiyo mwenye ukumbi hukukaribisha kwa kahawa. Jumamosi iliyowafaa maarusi, katika likizo ya Agosti, iliangukia mwanzo wa Mfunguo Tano, nami sikuona haya kuitaja habari hiyo katika kupatana bei.

Tulifika 60,000. Kisha akanipa karatasi ya masharti nitie sahihi, nami nikamwomba ruhusa ya kwenda nayo nyumbani. Soma karatasi kama hizo ukiwa peke yako, msomaji, na mwenye ukumbi asiwe amesimama juu ya bega lako. Ile ilisema hivi: mpambaji lazima awe yule wa ukumbi, na ukija na wako utalipa shilingi 15,000, saa zimeanza kuhesabiwa mpambaji anapoingia, wala si wageni wanapoingia, kila saa inayozidi ni shilingi 10,000, amana ya 20,000 haitarudishwa kitu chochote kikivunjika, wala haikuelezwa kitu hicho ni cha thamani gani. Nilizijumlisha zile ambazo hazikuepukika, nikaona kuwa ukumbi wa 60,000 ulikuwa ukumbi wa 105,000. Tungebakiwa na 47,000 za kulisha, kupamba, kusafirisha na kushukuru. Niliirudisha karatasi kwa salamu njema bila ya sahihi.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo lingefaa lifanywe mwanzo wa safari kama hizi, nalo ni kutenga lile ambalo ni la lazima na lile ambalo limezoewa. Nikah yenyewe inahitaji walii, mashahidi wawili, mahari, na maneno ya kuoza na kukubali. Msikiti haukodishwi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, ambayo inazitambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, inataka ndoa iandikishwe, wala haina kifungu kinachotaja viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe. Wapo ndugu zetu wanaooana kwa msajili wa ndoa. Hutoa taarifa ya siku 21, husimama mbele yake na mashahidi, kisha hushuka ngazi wakiwa mume na mke. Ndoa yao haina upungufu wowote. Tunachokitafutia ukumbi, basi, si ndoa. Ni watu. Nilikuwa nikiuliza kila mahali bei ya jengo, kumbe kilichokuwa na bei ni orodha ya majina iliyokuwa nyumbani kwa dada yangu, chini ya sahani ya matunda.

Orodha ile ilikuwa na wanawake 410.

Siwezi kukueleza yote yaliyosemwa siku tuliyoikalia. Dada yangu mkubwa, shangazi yake bibi harusi, ndiye aliyeishika kalamu, na mama mdogo ndiye aliyezuia mkono wake. Kila jina lilikuwa na hoja yake. Huyu alitualika sisi mwaka fulani. Yule alikuja matangani siku zote tatu. Huyu haji, lakini asipoalikwa atauliza. Walifika mahali pa kulia, si kwa majina, bali kwa sababu marehemu naye alitajwa. Dada akasema, "Baba yake angaliwataka wote, najua. Lakini baba yake ndiye aliyeiacha karo." Mama mdogo alikaa kimya kitambo, kisha akasema kuwa kama ni kukata, na kukatwe kwa haki: asikatwe mtu wa upande mmoja tu. Na hapo akatoa shauri ambalo lilituokoa kuliko safari zangu zote. Arusi yetu, alisema, haina usiku mmoja. Kuna usiku wa hina. Majirani na wanawake wazee, ambao hawapendi kelele za spika wala kurudi usiku wa manane, waitwe katika hina nyumbani, na waitwe kwa heshima zote, mtu aende mlangoni kwao kwa miguu. Na vijana na jamaa wa mbali waitwe siku ya kupambwa. Wanawake 190 walihamia hina. Waliobaki walikuwa 220. Hakuna aliyekatwa, na mimi nilikuwa nimepata ukumbi mdogo wa kutafuta badala ya mkubwa.

Hata hivyo tulitazama kwanza njia yetu wenyewe, maana wapo wanaofunga hema mtaani wakaozea hapo. Katika Mji wa Kale njia ni nyembamba. Ukifunga hema umefunga mtaa, na mgonjwa au maiti hana pa kupita. Idhini ya kaunti inatakiwa pia. Na nyumba zote za njia ile zina madirisha ya ghorofa yanayotazama chini, tukarudi katika lile tatizo la ufuko.

Ukumbi tulioupata hukupata kusifiwa na mtu. Ulikuwa wa shule ya msingi ambayo bibi harusi mwenyewe alisoma, na katika likizo ulikaa mtupu, viti vidogo vya watoto vimepangwa ukutani. Mwalimu mkuu aliliuliza baraza la shule, na baraza likakubali kwa shilingi 15,000, risiti ikaandikwa. Kabla ya kulipa nilikwenda kuukagua, na napenda nikueleze nilivyokagua, kwa kuwa mambo haya hayaandikwi popote.

Nilikwenda saa kumi alasiri, ile saa ambayo wageni wangefika, wala si asubuhi penye baridi. Nikaona kuwa jua la magharibi linaingia madirisha matatu na litawapiga usoni watakaoketi upande wa jukwaa. Tuligeuza jukwaa. Niliupima ukumbi kwa hatua: mita 18 kwa mita 9, yaani mita za mraba 162. Mtu aliyeketi kitini, pamoja na njia ya kupita, huchukua kadiri ya robo tatu za mita ya mraba, basi viti 220 vingeujaza ukumbi hata mahali pa kuchezea pakose. Lakini nyuma ulikuwapo ua wenye ukuta mrefu, na mlango mpana wa kuutokea. Viti 80 vikaenda uani. Nilifungua bomba: halikutoa maji. Katika mji wetu hilo si ajabu, na yule ambaye hakufungua bomba siku ya kukagua atalifungua siku ya arusi. Tulinunua maji ya shilingi 2,500, mapipa yakajazwa tangu asubuhi. Vyoo vya wasichana vilikuwa sita, vifupi, vya watoto, lakini safi. Nilimwuliza mlinzi taa zikizimika hufanya nini. Akajibu kuwa hungoja. Tukaazima jenereta ya jirani. Nilimwuliza kelele mwisho saa ngapi. Akasema saa nne za usiku, kwa kuwa nyumba zimeuzunguka ukuta, na kanuni za serikali za mwaka 2009 juu ya makelele zinampa jirani haki ya kulalamika. Saa nne si mapema. Wageni wa Likoni wangewahi kivuko, nacho aendaye kwa miguu halipi kitu.

Chakula kilipikwa nyumbani. Mpishi aliajiriwa, lakini masufuria yalikuwa ya mtaa, na wanawake waliokwisha kuja hina ndio waliochambua mchele. Wanaume 150 walikula biriani mchana, sinia kwa sinia, juu ya majamvi, katika nyumba tatu zilizofunguliwa milango. Nayo iligharimu shilingi 47,000. Baada ya sala ya alasiri tukaingia msikitini, nikamwoza mtoto wa ndugu yangu, halua na kahawa zikapitishwa. Sauti yangu ilitetemeka, na sheikh aliningoja.

Ya usiku sikuyaona, kwa kuwa mimi ni mwanamume. Nilikaa nje ya lango na mlinzi, tukazungumza habari za samaki. Nilisikia vigelegele alipotolewa. Baadaye mama mdogo alikuja langoni kutaka barafu, jasho likimtiririka, amebeba viatu vyake mkononi. Nilimwuliza ukumbi unaonekanaje. Akasema, "Ukumbi gani? Watu wamejaa hata kuta hazionekani." Akachukua barafu, akarudi ndani.

Hesabu ya mwisho ilikuwa shilingi 142,900, pamoja na mapambo, muziki, sambusa na vinywaji. Zilibaki 9,100, tukampa bibi harusi mwenyewe. Karo ililipwa shule zilipofunguliwa. Nilipokwenda kurudisha viti vya kukodi vilihesabiwa 218, nikalipia viwili shilingi 1,200 kutoka mfukoni mwangu. Wiki tatu baadaye nikipita kwenye baraza ya kinyozi wa mtaani niliviona vyote viwili, wazee wawili wamevikalia wakicheza bao. Nikangoja mchezo uishe, nikavichukua.